Kutetea fungu la utafiti mbele ya Kamati ya Bunge: kurasa mbili ziseme nini?

Mdau_wa_Mizizi

Heshima kwenu wakuu.

Kuna kituo cha utafiti wa mhogo na viazi kimetakiwa kitoe andiko la kurasa mbili liende kamatini pamoja na randama ya wizara (maelezo ya makadirio yake), wajumbe walisome kabla ya kupitia makadirio. Rasimu iliyopo mezani ina kurasa kumi na moja. Inafungua na historia ya kituo, inaingia dira na dhima, inafika kwenye lile lengo la Afrika la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi, halafu inamaliza kwa kuiomba Serikali "iongeze fedha za utafiti".

Kitupwe nini, kibaki nini? Hiyo asilimia 1 ina uzito wowote kwa mbunge au ni maneno ya kwenye makongamano? La mwisho: kamati hiyohiyo imeomba ushauri kuhusu batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa ya virusi ya mhogo, hasa usafirishaji wa mbegu za mhogo kutoka mkoa hadi mkoa. Ushauri na ombi la fedha vinaweza kukaa kwenye andiko moja?

Kasma_na_Kifungu

Mkuu, sentensi ya mwisho ya rasimu yenu ndiyo ya kwanza kutupwa. Bunge la Tanzania haliongezi matumizi. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia kushughulikia nyongeza ya matumizi ya Mfuko Mkuu wa Hazina bila pendekezo la Rais, kupunguza linaweza. Ukimwambia mjumbe "ongeza" unamwomba kitu asichokuwa nacho mfukoni. Naye anajua, kwa hiyo anaitikia kwa adabu na kufunua ukurasa unaofuata.

Yapo anayoweza. Kamatini, mwezi Machi, anaweza kuibana wizara ihamishe fedha ndani ya ukomo wake (kiwango cha juu cha bajeti ilichopangiwa) kabla vitabu havijafungwa. Anaweza kuhakikisha pendekezo linaingia kwenye taarifa ya kamati, ambayo husomwa bungeni baada ya hotuba ya waziri, na mwaka unaofuata wizara inaulizwa imetekeleza nini. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi anaweza pia kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuuzuia kwa ishara, hadi apewe maelezo. Hili la shilingi linapendwa kwa kuwa linaonekana kwenye televisheni, lakini ni panga butu: muda ukiisha vifungu hupitishwa kwa mkupuo na shilingi inarudi kwa mwenyewe. Tegemeeni yale mawili ya kwanza.

Sasa kalenda. Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti hutoka karibu na mwisho wa mwaka, ukomo wa kila fungu unafuata, taasisi zinaingiza makadirio, kamati zinapitia Machi, Bunge la bajeti linakaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, na Julai 1 mwaka mpya unaanza. Anayeamka Machi amekuta chungu kimeshaepuliwa. Kwa hiyo andiko la Machi liombe kitu kidogo kinachohamishika, na toleo lake jingine liende mapema, Oktoba hivi, kwa idara ya sera na mipango wizarani, kwa sababu huko ndiko ukomo unakogawanywa.

Halafu kuna tofauti ambayo waandishi wengi wa kisayansi hawaijali: fedha iliyoidhinishwa si fedha iliyotolewa. Tuseme (namba za mfano tu) kituo kiliidhinishiwa milioni 400 za maendeleo, hadi Machi zikatolewa 120, na kufikia Juni zikatolewa nyingine 60. Mwaka unaofuata mnaomba 600! Ombi hilo halina kichwa wala miguu wakati hata 400 hazikufika. Ombi lenye maana ni kwamba mnataka 400 zilezile, ila 180 kati ya hizo zitolewe kabla ya Septemba 30, kwa sababu jaribio linapandwa vuli na mvua za vuli hazisubiri Hazina. Fedha ya vuli ikifika Februari mmepoteza mwaka mzima, hamjapoteza miezi minne, maana matokeo ya masika hayalinganishwi na ya vuli iliyotangulia. Mhogo nao unakaa ardhini miezi 9 hadi 12. Uliopandwa Novemba unavunwa mwaka mwingine wa fedha, ilhali fedha ya maendeleo isiyotumika hadi Juni 30 inarudi Hazina. Ambatisheni mpango wa mtiririko wa fedha mwezi kwa mwezi, mstari mmoja wa kupanda na mwingine wa kuvuna. Ni nusu ukurasa, na ndiyo nusu itakayosomwa.

Andikeni fungu (kilimo ni 43), kifungu na kasma, yaani mstari wenyewe wa matumizi. Ombi lisilo na namba ya kasma ni shairi.

Pingili_Elfu_Kumi

Historia ya kituo itupwe, nakubali. Historia ya mbegu moja ibaki, aya moja tu, na mnayo nyumbani.

Kituo cha Amani, Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Katikati ya miaka ya 1930, chini ya Waingereza, H. H. Storey na wenzake walianza kutafuta mhogo unaohimili batobato. Waliuvusha mhogo (waliuzalisha chotara) na ndugu yake wa porini, mti wa mpira uitwao *Manihot glaziovii*. Kizazi cha kwanza kilikuwa na ukinzani lakini mizizi yake ilikuwa kama kamba, hailiki, ikabidi kuvusha tena na tena kurudi kwenye mhogo wa kawaida. Miaka ishirini ikaenda. Mwaka 1957 kazi hiyo ikafungwa.

Kabla haijafungwa, mbegu za uzao wa namba 5318/34 zilikuwa zimepelekwa Nigeria. Humo ikachaguliwa aina ya 58308. Miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya IITA pale Ibadan ikaitumia kuzalisha aina mpya, mojawapo TMS 30572. Batobato kali ilipofyeka mashamba ya mhogo Uganda miaka ya 1990, TMS 30572 ilikuwa kati ya aina zilizorudisha mhogo shambani. Wakulima wa huko wanaijua kwa jina la Nase 3, au Migyera. Kutoka bonde la Amani hadi Uganda ni miaka sitini, yote kwa fedha za umma za serikali hii au ile. (Za kikoloni hazikuwa sadaka, tusidanganyane. Lakini mmea hauulizi nani alilipa.)

Somo kwa kamati si kwamba utafiti unalipa mara kadhaa ya gharama. Hizo takwimu wajumbe wamezizoea na hawaziamini. Somo ni kwamba siku ya kukata fedha haiumi. Kazi ilipofungwa mwaka 1957 hakuna sahani iliyopungua ugali mwaka ule. Kwa hiyo lazima muonyeshe hasara ilipojificha, na kwa mhogo hesabu yake ni nyepesi kabisa.

Hekta moja kwa nafasi ya mita moja kwa moja inataka pingili (vipande vya shina vya kupanda) 10,000. Ikikomaa inatoa pingili za kupanda takribani hekta 10. Mahindi huzidisha zaidi ya mara mia kwa msimu, mhogo mara kumi kwa mwaka. Maana yake mbegu safi inakwenda hivi: mwaka wa kwanza hekta 1, wa pili hekta 10, wa tatu hekta 100. Fedha ikikatika mwaka wa pili, huwezi kulipa mara mbili mwaka wa tatu ukafidia. Shamba mama lililoachwa bila ukaguzi na bila kung'olewa mashina yenye dalili linaambukizwa na inzi weupe, na mnaanza tena na hekta 1, pengine na miche ya mirija ya maabara. Mstari huo, 1, 10, 100, uwekeni ukurasa wa kwanza. Mbunge ataurudia jimboni bila karatasi.

Na mseme wazi kwamba aina mpya kutoka kuvusha hadi kuidhinishwa, pamoja na majaribio ya TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu), inachukua miaka 8 hadi 10. Msiahidi aina mpya ndani ya muhula wa ubunge. Ahidini hatua ya mwaka huu, kwa mfano idadi ya mistari ya uzao (mimea inayojaribiwa) itakayobaki baada ya mchujo.

Masurufu_Hayarudi

Nimesoma yote, ni mazuri, lakini mnajiandaa kwa mechi isiyokuwepo. Swali la kwanza la mjumbe halitakuwa pingili. Litakuwa "za mwaka jana zilifanya nini?"

Kagueni taarifa ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kabla mjumbe hajaisoma. Kama kuna hoja haijafungwa, masurufu (fedha za safari au kazi zilizotolewa mapema) ambayo hayajarejeshwa, au mashine iliyonunuliwa na mradi imekaa kwenye boksi kwa kukosa kitendanishi, iandikeni wenyewe pamoja na tarehe ya kuifunga. Hoja moja ya masurufu inatosha kuzima kurasa mbili za sayansi, na mjumbe hana haja ya kujua virusi ni nini ili kuishika.

Pia tazameni sura ya makadirio yenu kwa jicho la mtu wa nje. Ufuatiliaji wa magonjwa shambani unaonekana kwenye kasma za posho, mafuta na usafiri wa ndani. Anayesoma anaona watu wanakwenda kutembea. Jina la kasma hamliwezi kulibadili, lakini kwenye safu ya maelezo andikeni "ukaguzi 4 wa mashamba 60 katika wilaya 5, wakaguzi 3, siku 8 kila ukaguzi". Hapo posho inageuka kazi inayohesabika, na mwakani mtahesabiwa kwayo. Kama mmeogopa kuandika hivyo, basi labda kweli ni kutembea.

Swali la pili litakuwa "si mna wafadhili?" Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 na miradi ikaambiwa isimamishe kazi katikati ya msimu, Mei mwaka huohuo taasisi yao ya afya, NIH, ikasitisha utaratibu wa kupitisha fedha kwa washirika walio nje ya nchi yao. Msilie kuhusu hilo. Tengenezeni jedwali la safu tatu: kazi, anayeilipia, na kinachosimama akiondoka. Mtagundua mfadhili hulipa jaribio lenye jina lake. Mlinzi wa shamba mama, dizeli ya jenereta inayolinda jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, na usafishaji wa mirija ya tishu kila miezi michache havina mfadhili. Hivyo ndivyo vya kuombea fedha za ndani, kwa sababu vikisimama wiki mbili hakuna cha kufadhili tena.

Jirani_wa_Namanga

Naongezea kutoka upande wa Kenya kwa sababu swali la asilimia limeulizwa na sisi tumeshalijaribu kwa sheria.

Lengo la asilimia 1 ni la zamani, limo kwenye Mpango wa Utekelezaji wa Lagos wa 1980. Kenya ilikwenda mbali zaidi: Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti kila mwaka wa fedha. Hazina haijawahi hata kuukaribia. Sababu si chuki kwa sayansi. Asilimia ya pato la taifa haina mwenye kuibeba: si mstari kwenye makadirio, haina ofisa wa kuulizwa, na ikitafsiriwa kuwa shilingi inakuwa kubwa kiasi kwamba hakuna kamati inayoweza kuitafutia mahali.

Hata hivyo nisingeitupa. Iwe sentensi moja chini ya ukurasa wa pili, basi. Anayetaka kuwasilisha ombi rasmi bungeni chini ya Ibara ya 119 ya Katiba ya Kenya anahitaji kifungu cha sheria cha kusimamia, na hicho kipo.

Kwa Wakenya wanaosoma hapa, mlango wetu uko tofauti kidogo. Bunge la Taifa linaweza kuongeza, ila kifungu cha 39 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinataka kila nyongeza ilipiwe na punguzo mahali pengine. Basi usiende na ombi bila kutaja punguzo. Kataja mwenyewe mstari ndani ya wizara yako ambao hautumiki vizuri, maana ukiacha kamati ichague, itachagua kwa jirani na utapata adui. Tarehe za kukumbuka ni Februari 15, Taarifa ya Sera ya Bajeti inapofika Bungeni, na Aprili 30 kwa makadirio yenyewe. Viwango vya sekta huwa vimeshakaza kwenye hiyo ya Februari. Vikao vya umma vya Mei, ambavyo watafiti wengi ndivyo wanavyohudhuria, vinakuta mengi yameisha.

Mdau_wa_Mizizi

Nimeelewa, asanteni sana. Kurasa kumi na moja zimeshakuwa tatu. Masurufu_Hayarudi, la mashine kwenye boksi limegusa mahali, linaingia. Bado lile la ushauri na ombi kukaa pamoja.

Siku_28

Vitenganisheni. Karatasi mbili, ikiwezekana tarehe mbili.

Ushauri wa kisayansi unaoishia na "kwa hiyo tupeni fedha" unasomwa kama ombi tangu mstari wa kwanza, na kila namba iliyomo inaonekana imepangwa ili kufikia hapo. Ninyi hatari yenu ni kubwa zaidi. Mkishauri kwamba mbegu za mhogo zisivuke mkoa bila cheti, na kituo ndicho kinachouza mbegu za msingi, mnanufaika na ushauri wenu. Si dhambi, ila semeni juu kabisa ya karatasi: "Kituo huuza mbegu za msingi, chaguo la pili litaongeza mapato yake." Mjumbe akiligundua mwenyewe mmekwisha.

Ndani ya ushauri wekeni machaguo, msiweke amri. Kwa suala lenu naona matatu: kuzuia usafirishaji wote, kuruhusu mbegu iliyokaguliwa na TOSCI pekee pamoja na ile ya kuazimiwa ubora (daraja lenye ukaguzi mwepesi zaidi) kwa wazalishaji wa vijijini, au kuacha kama ilivyo. La tatu nalo lina gharama na ipigwe hesabu. Kila chaguo liseme nani atalitekeleza barabarani. Zuio ambalo mkaguzi hana gari wala kituo cha kulisimamia ni karatasi tu, na mbegu zitapita usiku. Halafu elezeni kwa nini usafirishaji ndio mlango: inzi mweupe huibeba michirizi ya kahawia kwa muda mfupi na umbali mfupi, kutoka shamba hadi shamba jirani. Anayeirusha kilomita mia tatu ni binadamu na lori lake la pingili. Aya hiyo moja inambadilisha msomaji kuliko ramani sita.

Andikeni pia uhakika ulipo mkubwa na ulipo mdogo, na mwezi ambao ushauri utahitaji kuangaliwa upya.

Mkitaka mfano wa ushauri uliofanya kazi, chukueni malaria. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 ikahamia SP (salfadoksini na pirimethamini), ikaacha SP mwaka 2006 ikahamia dawa mseto. Maamuzi hayo yalisimama juu ya vituo vya ufuatiliaji ambako mgonjwa anapewa dawa, anafuatwa hadi siku ya 28, na anapimwa kama vimelea vimerudi. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ibadilishwe ikishindwa kwa zaidi ya asilimia 10. Hiyo 10 hainunuliwi siku ya dharura. Kituo kikifungwa miaka miwili, waziri anabaki na uvumi wa usugu bila namba. Na kwa sasa namba inahitajika: mabadiliko ya vimelea yanayoitwa R561H, yanayohusishwa na usugu kwa artemisinini, yalionekana Rwanda, kisha Kagera upande wa Karagwe.

Onyo la upande wa pili. Bunge la Marekani lilikuwa na ofisi yake ya kutathmini teknolojia, OTA, iliyoundwa kwa sheria ya 1972. Ilitoa taarifa takribani 750 zilizoheshimiwa. Mwaka 1995 wakaikatia fedha, kama dola milioni 22 tu kwa mwaka, ikafa. Ilishutumiwa kwa kuchelewa: tathmini kubwa ilichukua mwaka mmoja na nusu au miwili, na mara nyingine kura ilikuwa imeshapigwa. Waingereza wana POST, iliyoanza 1989, ambayo inajulikana kwa maandiko ya kurasa nne. Kwa kamati yenu kurasa mbili Machi zinashinda kurasa themanini Agosti. Zile themanini zibaki kituoni kwa atakayetaka kuhakiki.

Pingili_Elfu_Kumi

Dogo la mwisho. Mkipewa dakika tano za kuongea, acheni slaidi, nendeni na mizizi miwili na kisu. Michirizi ya kahawia haionekani kwa nje. Majani yanaweza kuwa ya kawaida na mkulima akagundua siku ya kuvuna. Kateni mbele yao, mmoja mweupe, mwingine una mabaka makavu ya kahawia.

Ila ing'olewe jana yake, au leo asubuhi kama shamba liko karibu. Mhogo ukikaa siku mbili tatu nje ya ardhi unaanza mistari ya bluu na nyeusi ndani, hata ule mzima. Mkikata wa juzi, mzizi wenu "safi" utatoka na mistari, mjumbe mmoja atauliza mbona na huo unaumwa, na dakika zilizobaki zitaishia kueleza kuoza kwa kawaida. Bebeni mitatu ya kila upande, mkate mmoja mmoja nje kwanza kabla ya kuitwa.